Rangi ya Shamba Linalolala

9 Februari

Mwanangu,

Kabla hujauliza: nipo, nakula, goti la kushoto bado linanisumbua nikipanda mteremko, na la kulia nalo limeanza kumwiga mwenzake. Ng'ombe kazaa dume, bahati yangu ndiyo hiyo. Binamu yako alikuja na wanawe wawili, wakakaa wiki nzima, wakanimalizia sukari na kuondoka na tochi yangu. Msalimie mumeo. Mtoto mwambie bibi yake wa huku anamkumbuka kila akishika kile kijiko alichokipinda.

Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji na sinunui nyingine. Hata ningekuwa nayo, mtandao mpaka nipande kule shuleni, na habari za goti nimeshakupa. Simu ya dukani siitaki, ukipiga pale habari zako zinafika kisimani kabla yako. Kwa hiyo zoea mwandiko wangu. Dereva wa gari la maziwa amekubali kupeleka barua zangu posta na kuniletea zako.

Sasa nililokuandikia. Jumanne walikuja watu wanne wamevaa vizibao vya kung'aa, wakaingia shamba la juu bila hodi. Nilipowafikia, nikihema, walikuwa wameshapaka alama nyekundu kwenye miti, wanashuka kuelekea shamba la kati. Mkubwa wao akaniambia, "Mama, huu ni msitu." Nikamwambia, "Baba, hilo ni shamba, limelala." Akacheka kwa adabu, akaendelea kupaka.

Wewe umekulia hapa, huhitaji kufundishwa. Tangu enzi za babu yako tuna mashamba matatu. Linalimwa moja miaka mitano, mawili yanalala, yanaota vichaka na miti mpaka udongo urudi. La chini ninalolima sasa liko mwaka wa tano, limechoka kabisa, mahindi yanafika kiunoni yanagoma. Mwakani zamu ni ya la juu, limelala miaka kumi. Nisipolima pale sitakula, ni hilo tu.

Bwana Trekta, jirani yangu aliyekata mpaka mti wa mwisho kando ya kijito, hawakumgusa. Wamepita kwake kama hawamwoni.

Wewe uko ofisi ya ardhi. Hao ni watu wenu? Nani kawaambia shamba langu ni msitu?

Shangazi yako

2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia juzi. Pole kwa goti, na pole kwa tochi. Sisi tumetoka kwenye tetekuwanga, mtoto alijikuna mpaka tukamvisha soksi mikononi. Sasa amepona, ana makovu mawili kwenye paji la uso na anayaonyesha kwa kila mgeni. Baba yake bado yuko kule kwenye majokofu ya samaki, ila wanapunguza watu, na kila Ijumaa anarudi nyumbani kimya.

Ofisini kwetu lifti imekufa tangu mwaka mpya. Tunapanda ghorofa nne na mirija ya ramani kwapani. Chumba chetu ni meza moja ndefu, printa kubwa inayokoroma, na dirisha ambalo mtu alilipaka rangi likiwa limefungwa, halifunguki tena.

Umeniuliza, nakujibu. Ndiyo, ni watu wetu. Kwa miaka mingi idara ya ardhi ilikuwa na ramani yake, misitu wana yao, na watu wa hali ya hewa wana yao. Bonde moja kwetu limeandikwa kilimo, kwao limeandikwa hifadhi. Mtu anapewa kibali cha kukata na idara moja, anashtakiwa na nyingine. Sasa serikali imeahidi mbele ya dunia kwamba eneo fulani litabaki na miti, kwa ajili ya joto hili na mvua zilizovurugika, na kwa ajili ya wanyama na mimea inayopotea. Sera ya ardhi lazima ilingane na hiyo ahadi, kwa hiyo ramani zote zinafanywa moja, na kila kipande kinapata rangi moja. Kazi yenyewe ni njema, Shangazi. Niliomba mwenyewe kuhamishiwa hapa, na Januari wamenipandisha cheo.

Kijani ni msitu, manjano ni kilimo. Picha zilipigwa kutoka angani mwaka jana. Shamba lako la juu na la kati yako kwenye kijani. Jinsi yalivyoingia ni habari ndefu, mashine inapanga halafu kuna mapitio. Kijani hakilimwi.

Wiki ya pili ya Julai watarudi kuhakiki. Watakachokikuta siku hiyo ndicho kitakachoandikwa moja kwa moja. Shamba likionekana shamba, litaandikwa shamba. Nimekula kiapo cha kutotoa habari za ofisi, kwa hiyo naishia hapo. Wewe ni mtu mzima, utanielewa.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huyo mtoto mwambie makovu hayaonyeshwi bure, atoze pipi. Mumeo mpe pole, mwanaume akinyamaza Ijumaa mwachie mpaka Jumapili.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza na miwani, mara ya pili bila, na sikuona tofauti. Unazunguka kama mtu aliyetumwa kuposa. Unaniambia nikate au huniambii?

Kama ndiyo hilo, siwezi. Mti wa miaka kumi haukatwi kwa sababu kuna mgeni anakuja Julai. Shamba la juu nitalifungua mwakani kwa utaratibu, kipande kwa kipande, nikiacha miti mikubwa isimame, kama babu yako alivyofanya na kama alivyonionyesha mimi, maana baba yako alikuwa hataki kushika panga. La kati bado changa, lina miaka mitano tu, udongo wake haujarudi. Na maji ya chemchemi yanatoka chini ya hayo mawili. Bwana Trekta alipokata upande wake kijito chake kilikauka ndani ya misimu miwili. Sasa anakuja kuchota kwangu, tena na ndoo kubwa.

Hili ndilo linalonikera. Yeye aliyemaliza kila kitu mmempaka manjano, anaitwa mkulima. Mimi niliyeacha miti ikue nimekuwa mvamizi kwenye msitu nilioulaza kwa mkono wangu. Na siko peke yangu. Ng'ambo kule mama wa mizinga ya nyuki analaza mashamba yake vilevile, na wale ndugu wawili wa kwenye kona ya mto. Wote wamepakwa nyekundu kwenye miti.

Hiyo ramani yenu ina rangi ngapi? Hamna rangi ya shamba linalolala? Waulize wakubwa wako. Mdomo unao, ulipokuwa mdogo ulikuwa unatuuliza mpaka tunakimbilia chooni.

Shangazi yako

6 Mei

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mume wangu ameingia kwenye orodha ya watakaopunguzwa, hajui lini. Mtoto ameanza shule, siku ya kwanza alimng'ang'ania mlinzi wa getini na si mimi. Na wewe je, goti? Usinijibu kwa mzaha, nataka kujua.

Niliuliza. Niliandika kurasa nne kuhusu mashamba yanayolazwa, nikachora na mfano: mashamba matatu, zamu, chemchemi. Sikukutaja. Mkuu wa kitengo akaniita kwenye kikao. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasema, "Dada, ni wazo zuri sana. Lakini hizo hekta zimeshahesabiwa kwenye ahadi. Tukianza kutoa mashamba yanayolala, kijani kitapungua nusu, na mimi ndiye nitakayesimama kueleza." Halafu akaweka kikombe chake cha chai juu ya karatasi zangu, na kikao kikaendelea na mambo ya lifti.

Wiki iliyopita zilitoka barua za kwanza, za bonde lingine lililokwisha kuhakikiwa. Nilizifunga kwenye bahasha mwenyewe. Mtu anaandikiwa mistari mitatu kwamba ardhi yake iko ndani ya hifadhi na asilime tena. Haielezwi aende wapi. Nilikuwa nikisoma kila jina nikiona lako.

Basi sizunguki tena. Kata, Shangazi. Kata la juu na la kati kabla ya Julai, choma, lima, panda chochote kionekane kimeota. Acha miti ya kuzunguka chemchemi tu. Najua ninachokuomba. Nimeandika hili neno nikilia mpaka mume wangu akauliza nani amefariki.

Usimwambie mtu, hata mama wa mizinga. Ikijulikana nimekwambia nitafukuzwa, na kwa hali ya mume wangu tutabaki hatuna kitu. Ichome hii barua ukishaisoma.

Mwanao

11 Juni

Shangazi yangu, shikamoo,

Hujanijibu na leo siwezi kusubiri. Sisi hatujambo, mengine nitakuandikia baadaye. Usikate.

Sikiliza ilivyokuwa. Ramani yetu ilipelekwa kwa wataalamu wa viumbe na mimea waikague kabla haijapitishwa. Walikataa kuipitisha. Wakasema tumepaka kijani mashamba ya mbao yenye mti wa aina moja, yasiyo na hata ndege, halafu tukawafukuza watu ambao mashamba yao yaliyolala ndiyo yenye ndege, nyuki na udongo hai. Wakauliza kama hakuna mtu aliyeliona hilo. Katibu akafungua faili, akakuta kurasa zangu, zina duara la kikombe. Zikasomwa mbele ya wote. Mkuu alisema alikuwa anazifanyia kazi.

Sasa kuna rangi mpya, kijani chenye mistari ya manjano. Shamba linalolala linabaki kuwa la mwenyewe. Analima kwa zamu, analaza kwa zamu, hakuna wa kumgusa. Wewe ndiye uliyeuliza lile swali. Nimelinakili tu.

Sharti ni moja na ni kali. Siku ya uhakiki vichaka na miti lazima viwe vimesimama. Aliyefyeka baada ya picha kupigwa anaandikwa uharibifu wa makusudi, anapakwa nyekundu kwenye ramani, ardhi inachukuliwa na serikali ipandwe miti. Wameweka hivyo kwa sababu kuna watu walipata fununu wakaanza kufyeka.

Kama umeanza ukingoni, acha hapo hapo. Wanakuja tarehe 14 Julai. Barua hii naipeleka posta mwenyewe leo. Nimepiga simu dukani pia, nisamehe, nikamwomba mwenye duka akwambie usubiri barua yangu. Akasema hujambo, unashinda shambani siku hizi kutwa nzima. Nikafurahi kusikia goti limepata nafuu.

Mwanao

13 Juni

Mwanangu,

Ndama nimempa binamu yako, alikuwa anapiga mateke. Goti umesema nisikujibu kwa mzaha: linauma, na sasa mgongo pia.

Barua yako ya Mei niliipata tarehe 17. Nimekaa karibu mwezi sijakuandikia. Kila nikikaa mezani naona afadhali nikaoshe vyombo.

Nimefanya ulivyosema, yote mawili. Nilianza mimi na panga kwa sababu sikutaka mtu mwingine aanze. Siku ya tatu mkono ukakataa, nikawaita wapasua mbao wawili wa barabarani na msumeno wao wa mashine. Wao walimaliza kwa siku nne. Kwenye shamba la juu kulikuwa na kwale anaatamia, nikamzungushia mawe, lakini moto ulipopita hakuwapo wala mayai hayakuwapo. Barua yako ndiyo niliyowashia, nikaona bora ifanye kazi mbili.

Moshi ulikaa bondeni siku mbili. Mama wa mizinga alikuja akasimama ukingoni, akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Tumejuana tangu tukiwa wasichana. Nikamwambia ashughulike na nyuki wake. Sikumweleza, maana uliniambia ni siri, na neno lako nimelishika. Akaondoka na hajarudi.

Nimepanda maharage. Yameshatoka, yanapendeza kwa mtu asiyejua. Chemchemi nimeiachia miti yake kama ulivyoagiza.

Mwenye duka kasema ulipiga simu, kuna barua yako inakuja. Nadhani unauliza kama nimemaliza. Nimemaliza.

Usiniandikie kunishukuru.

Shangazi yako

19 Julai

Mwanangu,

Nawasalimu wote watatu. Mumeo vipi, wamempunguza au bado?

Barua yako ya rangi mpya niliipata tarehe 22 Juni, na ile nyingine fupi ya baadaye, ambayo haisomeki kwa machozi, niliipata pia. Niliziweka chini ya mto wa kitandani nikawa nahesabu tarehe. Nilifikiri labda hawatakuja, magari yao huwa yanaharibika. Nilifikiri hata kuchomeka matawi ardhini, uone akili ilikofikia.

Walikuja tarehe 14 kweli, asubuhi. Walianza ng'ambo, kwa mama wa mizinga. Niliwaona kutoka kwangu wakizunguka vichaka vyake, wakapiga picha, wakapeana mikono, wakaketi wakapewa chai. Halafu wakashuka kwa wale ndugu wawili, huko nako mikono. Kwangu walifika saa saba. Walisimama kwenye maharage. Yule mkubwa wao, yule aliyecheka mara ya kwanza, safari hii hakucheka. Akasema, "Mama, si uliniambia limelala?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa mbona umeliamsha?"

Waliniuliza maswali mengine, nikajibu. Kulikuwa na karatasi, nikaitia sahihi. Wamepigilia mbao mbili zenye maandishi mekundu, moja juu, moja katikati. Maharage wameniruhusu nivune, baada ya hapo nisikanyage.

Nimebaki na la chini. Nitalilima mwaka wa sita.

Usilie tena kwenye karatasi, wino unaharibika.

Shangazi yako

4 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Mume wangu wamempunguza, tangu Jumatatu yuko nyumbani. Amemfundisha mtoto kufungua na kufunga redio nzima. Hatujambo kwa hilo.

Ripoti ya wahakiki imepita mezani kwangu. Ulisema walikuuliza maswali mengine ukajibu. Hukusema maswali gani. Mimi nimeyasoma. Imeandikwa kuwa mmiliki aliulizwa kama kuna mtumishi aliyemshauri kukata. Imeandikwa alielezwa kwamba akimtaja atahesabiwa kuwa alipotoshwa, na mashamba yake yatafikiriwa upya. Imeandikwa, "Mmiliki alisema alikata kwa akili yake mwenyewe na haelewi swali." Na chini yake ni sahihi yako.

Ungenitaja, Shangazi. Ungebaki na mashamba.

Sasa lazima nikwambie nililokuficha tangu Machi. Mwaka jana picha zilipoingia, mashine haikujua mashamba yako ni nini. Iliyaacha kijivu. Vya kijivu vyote vililetwa kwangu, mimi ndiye niliyekuwa naviamua, mamia kwa mamia. Siku hiyo nilitambua paa la nyumba yako, lina lile bati moja jipya. Nikaona jinsi miti ilivyokua tangu nilipoondoka, nikafurahi, nikaita mwenzangu aje aone kwetu kulivyo na kijani. Nikabonyeza kijani. Haikuchukua hata muda wa kumeza funda la chai. Habari ya zamu, kwamba mwaka huu au ujao utataka kulima pale, haikunijia kabisa, mimi niliyekulia humo humo.

Uliponiuliza nani kawaambia ni msitu, nilikuandikia habari za mashine na mapitio. Wakati ule ningeweza kurekebisha. Kuna fomu, unajaza umekosea wapi na unatia sahihi. Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye cheo kipya. Nikaona aibu. Nikaona rahisi kukushauri wewe ukate miti kuliko mimi kujaza fomu.

Jana nimepewa bonde letu nilikamilishe. Mama wa mizinga nimempaka mistari, wale ndugu nimewapaka mistari. Kwako nimepaka nyekundu. Nimepaka mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Nimekwenda mpaka mlangoni kwa mkuu mara mbili niseme ni mimi niliyekushauri. Mara ya pili alikuwa amesimama pale pale, akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia naomba wino wa printa.

Niambie nifanye nini. Ukisema niende nikaseme, nitaenda. Desemba nina likizo, nataka kuja nikusalimie na kukuomba msamaha kwa mdomo.

Mwanao

30 Oktoba

Mwanangu,

Nimechelewa, najua. Goti liko vilevile. Mumeo mpe pole sana, kazi ya majokofu ataipata tena, mikono anayo.

Mvua zimeanza, tena kwa fujo, siku tatu mfululizo. Shamba la juu limeshuka. Halina kitu cha kulishika, udongo wote mweusi umepita kwenye shamba la kati ukaja kutulia kwenye chemchemi. Tumechota tope wiki mbili, Bwana Trekta naye alikuja kusaidia, sikumtegemea. Serikali haijaleta hata mche mmoja. La chini nimepanda, limetoka manjano kama nilivyotarajia. Mwaka huu nitakula, mwakani sijui.

Barua yako nimekaa nayo tangu Agosti. Kuhusu Mei sina neno. Uliogopa, nami niliogopa, na panga nililishika mwenyewe. Nilimwambia yule bwana nimekata kwa akili yangu, na kwa sehemu ni kweli. Ni Machi inayoniuma. Nilikuuliza swali moja la wazi, nani kawaambia shamba langu ni msitu, nawe ulikuwa unajua, ukanijibu habari za lifti na dirisha. Nimekulea miaka kumi na miwili. Sikukulea uogope kuniambia kitu.

Unaniuliza uende kwa mkuu au usiende. Hilo usinibebeshe. Mimi siku ile nilisimama kwenye maharage na watu wanne wananitazama, hakukuwa na wa kumuuliza. Nawe amua.

Watu wa hapa wameshajua kuwa wewe ndiye uliyeandika zile kurasa. Yule mkubwa wa wahakiki aliwaambia, alidhani anatutukuza. Tangu hapo wanakuja. Wale ndugu wawili walikuja na wake zao, wakasema binti yako ametuokoa. Mama wa mizinga naye, ambaye hakuniongelesha miezi minne, alikuja na dumu la asali, akanishika mikono yote miwili, akasema kama si mwanao tungekuwa barabarani. Hakuuliza kwa nini mimi nilikata. Anadhani nilikuwa na tamaa, nimeona machoni pake, na amenisamehe. Nikamwambia ahsante, nitamfikishia. Nimekuwa mtu wa kupokea ahsante zako mlangoni kila wiki. Asali nimempa dereva akuletee, ni yenu.

Desemba usije. Nimeandika hili mara tatu kwenye karatasi nyingine nione kama litabadilika. Ukija utapita pale juu, hakuna njia nyingine, nami nitakuwa nimesimama mlangoni nakutazama ukipita. Nakupenda, hilo halina mjadala, na mtu akikusema vibaya mbele yangu atanitambua. Lakini mwaka huu sitaki kukuona.

Shangazi yako